Jumapili za Profesa Cole

Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Utaipata ukizidisha mbili 67 kwa pamoja, kisha ukaondoa 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja miongoni mwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kuwa inagawanyika, ila kwa njia isiyofichua hata kigawo kimoja.

Tarehe 31 Oktoba 1903, Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia alisimama mbele ya wanahisabati wenzake mjini New York. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliikokotoa ile namba ubaoni, akahamia upande wa pili, akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Watu husimulia kile kimya. Mimi nahusudu zaidi uchujaji uliokitangulia. Kigawo kidogo cha namba hii hakiwezi kuzidi bilioni 12 na ushei, na hakuna maisha yanayotosha kujaribu zote. Lakini si zote zinazostahili. Kigawo chochote lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili; na kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Masharti hayo mawili peke yake yanawaacha wagombea kama milioni 45. Bado ni jeshi. Cole akaendelea kuwapunguza kwa kuchunguza mabaki ya namba za mraba, kazi ya karatasi na kalamu ambayo kosa la tarakimu moja lingeweza kumfukuza mgombea wa kweli, naye asijue kamwe. (Na alikuwa na shughuli nyingine: ndiye aliyekuwa katibu wa Jumuiya ya Hisabati ya Marekani.)

Leo kompyuta ya kawaida huvipata vigawo hivyo kufumba na kufumbua. Sioni kwamba hilo linampunguzia Cole chochote, kwa sababu sharti la 134 ni lilelile kwa mashine na kwa mtu.

Tena linafaa hata baada ya ushindi. Je, 193,707,721 nayo ni tasa? Kigawo chake ni kigawo cha ile kubwa pia, kwa hiyo kinabanwa na masharti yaleyale, na hakuna haja ya kuvuka 13,917. Wanabaki wagombea 51 tu. Wa kwanza, 135, anaanguka kwa sababu 5 inamgawanya. 537 anaangushwa na 3, 671 na 11, 1,073 na 29, 1,207 na 17. Wa kwanza anayestahili kalamu ni 1,609.