Kwa Nini Programu za Google Hazikufanana Ndani ya Android

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: vitufe, menyu, rangi, maandishi na mpangilio wake katika skrini. Kiolesura huwa na ulinganifu pale kitendo kilekile kinapofanywa kwa njia ileile katika kila programu, na alama ileile inapobeba maana ileile. Jakob Nielsen aliuweka ulinganifu miongoni mwa kanuni 10 za usanifu wa violesura alizozitoa mwaka 1994, na ni nadra kumpata msanifu anayeipinga kanuni hiyo. Hata hivyo, programu ambazo Google yenyewe ilizitengeneza na kuzitia ndani ya simu za Android zilitofautiana kwa miaka mingi, ingawa kampuni ilikuwa na mwongozo wa maandishi uliotaka zifanane. Uchambuzi huu unashikilia kwamba chanzo hakikuwa uhaba wa kanuni wala wa vipaji, bali namna kazi ilivyogawanywa: kila programu ilikuwa na kalenda yake, na kanuni zilitangulia kuandikwa kabla ya msimbo wa kuzitekeleza kuwapo.

Hapo awali programu hizo zilikuwa sehemu ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia simu na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, na zilisasishwa pamoja nao. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro, kwa kuwa toleo jipya la Android lilipaswa kupita kwa mtengenezaji wa simu, na mara nyingi kwa kampuni ya mtandao pia, hata mtumiaji akalisubiri kwa miezi mingi au asilipate kabisa. Ndiyo maana Septemba 2010 Gmail ilitengwa na mfumo, ikaanza kusasishwa kupitia duka la programu, na nyingine zikapitia njia hiyohiyo. Uamuzi huo uliwafikishia watu maboresho mapema, lakini uliondoa siku moja ya pamoja ambayo programu zote zilikuwa zikivaa sura mpya.

Android 4.0, iliyotoka Oktoba 2011, ilitumia mandhari iliyoitwa Holo, na Januari 2012 Google ilichapisha mwongozo wa usanifu uliofuatana nayo. Wakati huohuo iliwataka watengenezaji wa simu zenye duka lake waiache Holo ndani ya mfumo bila kuibadili, ili programu yoyote itakayoiomba iipate kama ilivyo. Sharti hilo lina uzito wa pekee katika historia hii, kwa sababu halikutegemea hiari ya msanifu wala ufasaha wa mwongozo. Liliufanya ulinganifu kuwa kitu kilichomo ndani ya simu, ambacho msanidi alikikuta tayari.

Hali ilikuwa tofauti Juni 2014, Google ilipotangaza Material Design, mtindo unaokichukulia kila kipande cha skrini kuwa karatasi yenye kimo chake, huku kivuli kikionyesha kipi kiko juu ya kipi. Mwongozo ulieleza kwamba menyu ya pembeni, ile inayofunguka kwa kugusa vistari vitatu, inapaswa kuufunika upau wa juu na kufika hadi ukingo wa skrini. Lakini maktaba ya msimbo, yaani hazina ya vipande vilivyokwisha kuandikwa ambavyo msanidi huvitumia badala ya kuviunda upya, haikuwa na sehemu nyingi za mwongozo huo. Maktaba ya Oktoba 2014 ilizipelekea simu za matoleo ya nyuma rangi na upau wa juu. Kitufe cha duara kinachoelea na menyu ya pembeni iliyokamilika vilingoja hadi Mei 2015. Kwa karibu mwaka mzima, timu iliyotaka kuutii mwongozo ililazimika kujiundia vipande vyake, na timu mbili zikisoma sentensi moja kisha kila moja ikaandika msimbo wake, matokeo huwa mawili. Hivyo ndani ya simu moja menyu ya programu hii iliufunika upau, na ya programu ile ikaishia chini yake.

Suala la vitufe vya kuhama kutoka ukurasa hadi ukurasa linaonyesha upande mwingine wa tatizo, ambapo programu ziliutangulia mwongozo. Mwongozo wa mwaka 2012 ulikataza wazi kuviweka vitufe hivyo chini ya skrini. Hata hivyo, programu ya mtandao wa kijamii ya Google+ ilivipeleka chini katika sura yake mpya ya mwishoni mwa 2015, mwongozo ukaviruhusu Machi 2016, kipande chake cha msimbo kikaingia katika maktaba Oktoba 2016, na YouTube ikavihamishia chini mwaka 2017. Sababu ya kuhama ilikuwa ya kweli, kwa kuwa skrini zilikuwa zimerefuka na kidole gumba hakikufika juu kwa urahisi; ila mtumiaji aliyekuwa na programu nne alilazimika kukumbuka ipi imehama na ipi haijahama.

Mandhari nyeusi, inayogeuza usuli wa skrini kuwa wa giza, ilirudia kisa hicho kwa uwazi zaidi. Android 10, iliyotoka Septemba 2019, ilileta swichi moja ya kuiwasha katika simu nzima, lakini swichi hiyo hutuma ombi tu, na kila programu ndiyo huamua kuitikia. Google Maps ilitangaziwa mandhari kamili ya aina hiyo Februari 2021, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na kwa muda wote huo mtu aliyeichagua simu yenye giza aliifungua ramani akakutana na mwanga mkali.

Si kila tofauti ni kosa. Ramani inahitaji skrini nzima, kikokotoo kinahitaji vitufe vikubwa, na kuzilazimisha programu hizo zifanane kungeziharibu zote mbili. Kipimo kinachofaa ni kuuliza iwapo tofauti inatokana na kazi ya programu au inatokana na ratiba ya timu iliyoiunda. Ile ya kwanza humsaidia mtumiaji, na ya pili humbebesha mzigo usio wake. Mzigo huo huongezeka Afrika Mashariki, ambako watu wengi hutumia simu za Tecno na Infinix zenye sura za HiOS na XOS juu ya Android, hivyo mtindo wa mtengenezaji hukaa bega kwa bega na mtindo wa Google. Tena, anayelinda bando lake kwa kuzima masasisho hubaki na programu za umri tofauti katika simu moja, kila moja ikiwa na kanuni za mwaka wake. Mtu aliyejifunza simu kwa kuonyeshwa na mwanawe pahali pa kugusa ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa kitufe kikihama, maarifa yake hupotea.

Hatua iliyokaribia zaidi suluhisho ilikuja na Android 12, Oktoba 2021. Katika mtindo wa Material You, mfumo wenyewe huchota rangi kutoka picha ya usuli wa skrini, na programu haitaji tena rangi mahususi, bali hutaja wadhifa wa rangi, kama vile rangi kuu au rangi ya usuli, kisha mfumo ukaijaza nafasi hiyo. Uamuzi ulitoka mikononi mwa timu moja moja ukawekwa mahali pamoja, jambo ambalo miongozo peke yake haikuwa imeliweza. Hata hivyo, rangi ni sehemu rahisi; mahali pa menyu, pa utafutaji na pa vitufe vya kuhama bado huamuliwa na kila programu.

Kwa hiyo taasisi inayounda programu kadhaa kwa watumiaji walewale, iwe ni benki, wizara au kampuni ya simu, inapaswa kuugeuza mpangilio uliozoeleka. Vipande vya msimbo vinavyotumiwa na wote viundwe kwanza na vipewe timu yenye mamlaka ya kuvitunza, mwongozo uandikwe kueleza vipande vilivyopo, na badiliko linalogusa mazoea ya mkono litolewe katika programu zote kwa wakati mmoja au lisubiri. Gharama ya kusubiri hulipwa na taasisi, ambayo ina wataalamu na muda wa kuipanga. Gharama ya kutofanana hulipwa na mtumiaji, ambaye hakushirikishwa katika uamuzi wowote.