Msalaba uliokaa kombo: kosa la darubini au la bega?

Malalamiko huwa ni yale yale. Mtu amefunga darubini mpya juu ya bunduki, ameweka jicho, anaona msalaba wa kulengea umekaa kombo, uzi wa wima umelalia upande. Analegeza pete, anaizungusha darubini kwa kukadiria, anakaza, anaridhika. Kesho yake anaishika bunduki tena na kombo limerudi. Hapo lawama zote humwangukia mtengenezaji.

Kabla ya kugusa skrubu, aulizwe kwanza: kombo ukilinganisha na nini? Risasi haijui kitako kimekaaje begani. Inachojua ni kuvutwa chini na dunia, na dunia huvuta wima, sawasawa na timazi ya fundi mwashi. Kwa hiyo uzi wa wima unapaswa kufuata timazi. Ukiifuata na bunduki yenyewe pia, vizuri. Usipoifuata bunduki, hasara ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Tuhesabu. Chukua bunduki ya .308 iliyolengeshwa kwa mita 100. Ili kufika mita 800 mlengaji hupandisha takriban mili 8 (mili moja ni sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100). Msalaba ukiwa umeinama nyuzi 3 kutoka kwenye timazi, sehemu ya upandishaji ule huenda pembeni: takriban mili 0.42, yaani sentimita 33 kwa umbali huo. Hiyo ni shabaha iliyokosekana kabisa. Kwa mita 300 kosa ni kama sentimita 2 tu.

Sasa geuza. Msalaba umesimama sawa na timazi, ila bunduki chini yake ndiyo iliyoinama nyuzi 3. Darubini ikiwa sentimita 5 juu ya mtutu, mtutu umesogea pembeni milimita 2.6. Ukishalengesha kwa mita 100, kosa la mita 800 halifiki sentimita 2. Nyuzi ni zile zile 3, lakini hasara ya kwanza ni karibu mara ishirini ya hii. Ndiyo maana naona ni kupoteza muda kuweka kijipimamaji juu ya kifuniko cha kizungushio na kingine juu ya reli, kisha kuhangaika vilingane. Isitoshe, hakuna aliyekuhakikishia kuwa kifuniko kile kimekatwa sambamba na msalaba ulio ndani.

Kazi nzuri niliyoitazama ikifanywa ilikwenda hivi. Fundi alihakikisha kwanza hakuna risasi chemba wala kwenye magazini, akaibana bunduki kwenye jiriwa yenye mataya ya mpira, akaisawazisha kwa pimamaji juu ya reli. Mwisho wa korido alining'iniza uzi mweupe mnene, na uzito wake akautumbukiza kwenye ndoo ya maji ili usiyumbe. Akazilegeza skrubu za pete za juu mpaka darubini ikaweza kuzungushwa kwa vidole viwili, akaulaza uzi wa msalaba juu ya ule mweupe. Hadi hapo ni dakika chache.

Muda ulikwenda kwenye kukaza. Ukikaza upande mmoja wa pete mpaka mwisho kabla ya kuugusa wa pili, pete huivuta darubini na kuibingirisha, na msalaba uliokuwa sawa unaondoka mbele ya macho yako. Fundi alikaza robo mzunguko huku, robo kule, kwa kukatisha, akitazama nafasi kati ya nusu mbili za pete ibaki sawa pande zote, na kila baada ya mzunguko akarudi kuchungulia uzi. Mwisho alitumia spana ya kupimia nguvu, karibu Nyutoni-mita 2, kama mtengenezaji wa pete alivyoelekeza. Kombo nyingi zinazorudi kesho yake huzaliwa hapa, pamoja na begani: mwenye mali huishika bunduki ikiwa imeinama bila kujua. Pimamaji dogo lililofungwa kwenye bomba la darubini humwonyesha kila anapolenga.

Linabaki kosa la tatu, ambalo kweli ni la kiwandani: msalaba umegeuka ndani ya bomba, haulingani na njia unayosafiria ukipandishwa. Kulijua, bana darubini isitikisike, laza msalaba juu ya mstari wa timazi ulio mita 100, kisha pandisha mili 10. Kitovu cha msalaba kitashuka mita moja kwenye mstari. Kikiuacha mstari kwa sentimita moja, hitilafu ni kama nusu nyuzi. Kikiuacha kwa tano, ni karibu nyuzi 3.

Mpima ardhi akikuta hali hii kwenye chombo chake hulegeza skrubu za pete ya msalaba na kuigeuza mwenyewe. Darubini ya bunduki haikuundwa hivyo. Bomba limejazwa naitrojeni au agoni na kuzibwa. Ukilifungua, gesi inatoka, unyevu unaingia, na siku ya baridi vioo vitafanya ukungu kwa ndani. Irudishwe ilikotengenezwa. Kama hitilafu ni ndogo na hutaki kungoja, amua unalenga vipi: anayezungusha kizungushio aisimamishe wima ile njia ya kupandia, hata uzi ukionekana umelala kidogo, anayetumia vialama vya kwenye msalaba ausimamishe uzi wenyewe.

Na mwindaji asiyepiga zaidi ya mita 200 asikubali kulipia lolote kati ya haya. Kwa umbali huo nyuzi 3 humgharimu chini ya sentimita moja.