Mlio wa Mnyororo wa Baiskeli na Hesabu ya Mizunguko

Mnyororo wa baiskeli isiyobadili gia, ambao mafundi wengi huuita cheni, hutibiwa kelele zake kwa dawa moja tu, yaani kumiminiwa oili mpaka unyamaze. Tiba hiyo ina kasoro ya kimantiki, kwa kuwa mlio ni ushahidi, na anayeuzima kabla ya kuuchunguza hubaki hajui kama kilicholia kilikuwa kikavu, kimelika, kimepinda au kimelegea. Sauti yenyewe nayo haitoshi kuwa kielelezo, kwa sababu husafiri ndani ya fremu ya chuma na kulidanganya sikio. Kinachofichua chanzo kwa uhakika zaidi ni idadi ya mara ambazo mlio hujirudia.

Kipimo cha kwanza ni kuacha kupiga pedali baiskeli ikiwa mwendoni. Friwili, yaani sproketi ya nyuma iliyofungiwa ndani yake vikucha vinavyosukumwa na springi, huliacha gurudumu lizunguke wakati mnyororo na krenki, ambayo ni mikono inayobeba pedali, vimesimama. Vikucha hivyo hutoa mlio mwepesi ambao si dalili ya ubovu. Lakini ikiwa kelele inayotafutwa nayo inaendelea, mnyororo hauhusiki, na uchunguzi unapaswa kuhamia kwenye gololi za ekseli, spoku na madigadi. Kelele ikikatika, ndipo hesabu inapoanza.

Baiskeli yenye meno 48 mbele, meno 18 nyuma na mnyororo wa pingili 112 inafaa kuwa mfano. Kila mzunguko wa pedali huvuta pingili 48, kwa hiyo mnyororo mzima hukamilisha safari 3 katika mizunguko 7 ya pedali, ilhali friwili huzunguka mara 8 katika mizunguko 3. Mlio unaosikika mara moja katika kila mzunguko wa pedali hutoka kwenye pedali, krenki au sproketi ya mbele, na ukijitokeza tu mguu unapokandamiza kwa nguvu, wa kwanza kushukiwa ni kotapini, ile pini yenye ubapa inayokaza krenki kwenye ekseli yake. Mlio unaofuata mwendo wa friwili huelekeza kwenye jino lake lililovunjika au kupinda. Ule unaorudi kila baada ya mizunguko 2 na theluthi moja hutoka kwenye pingili moja mahususi, ambayo hutambuliwa kwa kuipaka chaki na kulinganisha kupita kwake na mlio.

Pingili ya namna hiyo mara nyingi ni ngumu kukunjika. Gurudumu la nyuma likiinuliwa na pedali kuzungushwa polepole, huonekana ikibaki imepinda inapotoka chini ya sproketi ya mbele, kwenye upande wa mnyororo usiovutwa. Pengine ni pingili ya kuungia, ambayo klipu yake imechomoza na kugonga kifuniko cha mnyororo. Klipu hiyo hufungwa upande wake usio na mwanya ukitangulia kuelekea mwendo wa mnyororo, ili kitu chochote kitakachoigusa kisiichomoe.

Kelele isiyokatika huhitaji vipimo vya aina nyingine. Mlio mwembamba huashiria ukavu ndani ya bushi, mrija mfupi unaozunguka pini na kubeba rola, ambao Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, aliuingiza katika mnyororo wake huko Manchester mwaka 1880. Oili hufaa pale tu inapopenya hadi kwenye bushi, kwa hiyo mnyororo husafishwa kwanza kwa mafuta ya taa, ukakaushwa, ukatiwa tone kwenye kila rola, kisha ukapanguswa nje, kwa sababu oili inayobaki juu hunasa vumbi na kugeuka msasa. Mkwaruzo pamoja na mng'ao wa upande mmoja wa meno huonyesha kwamba sproketi mbili haziko katika mstari mmoja, mara nyingi kwa sababu gurudumu la nyuma lilifungwa likiwa limekaa upande. Mngurumo mzito hutokana na mnyororo uliokazwa kupita kiasi. Kati ya sproketi unapaswa kucheza juu na chini takriban milimita 12, na mchezo huo hupimwa mahali unapokaza zaidi, kwa kuwa sproketi nyingi za mbele hazikai katikati kikamilifu.

Kipimo cha mwisho ni ulikaji. Pingili 24 mpya zina urefu wa milimita 304.8, na urefu huo huongezeka si kwa sababu chuma kimevutika, bali kwa sababu pini na bushi zimelika. Ongezeko la milimita 1.6 hutaka mnyororo mpya, na likifika milimita 3.2 meno nayo huwa yamelika kufuata nafasi za mnyororo wa zamani. Katika hali hiyo, mnyororo mpya ukifungwa peke yake huweza kulia na kuruka meno kuliko ule uliotolewa, na mwenye baiskeli ambaye hakupima ataulaumu mnyororo mpya kwa kosa la sproketi.