Fukusi Wawili wa Ghuba ya Winam

Ukifika Dunga, ufuko wa Kisumu kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, asubuhi, upepo ukiwa umesukuma gugumaji hadi kwenye mashua, chomoa mmea mmoja, chagua jani la nje, kisha pasua kikonyo chake kwa ukucha kuanzia juu. Ndani ni kama sifongo nyeupe iliyojaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoufanya mmea uelee. Ukibahatika utaona njia nyembamba ya kahawia, imeoza, inateremka kuelekea kitovu cha mmea. Ifuate polepole. Mwisho wake kuna buu mweupe asiye na miguu, kichwa chake rangi ya chungwa. Kila anapopita, uozo na maji humfuata nyuma.

Mzazi wa buu huyo ni fukusi wa milimita nne au tano tu, na katika ghuba yetu wako wa aina mbili: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Wote asili yao ni Amerika Kusini, kama gugumaji lenyewe. Florida ilimwachilia wa kwanza mwaka 1972 na wa pili mwaka 1974. Uganda ilianza kuwaachilia katika Ziwa Victoria mwaka 1995, na huku kwetu KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo ni KALRO, iliwaachilia kuanzia 1997 baada ya kuwazalisha kwa wingi Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu.

Kuwatofautisha kunahitaji lenzi ya mkono na subira. Kwanza mkaushe mdudu juu ya karatasi, kwa sababu akilowa rangi yake huwa nyeusi na hapo utadanganyika. Akishakauka, tazama mgongo. Bruchi ni wa rangi ya hudhurungi iliyopauka, na mara nyingi ana ukanda mpana ulio mweupe zaidi, umejikunja kama herufi V, unaokata mgongo katikati. Eichhorniae ana mabaka ya kijivu na kahawia yaliyochanganyika, bila ukanda huo. Rangi ikikushinda, maana mdudu mzee huchakaa, tafuta mistari miwili mifupi inayong'aa, mmoja kila upande wa mshono ambapo mabawa magumu hukutana. Kwa eichhorniae mistari hiyo ni mirefu zaidi na imesogea mbele kuelekea kichwani. Kwa bruchi ni mifupi na iko karibu na katikati ya mgongo. Mimi huanza na mistari, rangi baadaye.

Mvuvi mmoja alinitazama nikifanya hivyo akaniuliza: "Ndugu yangu, mdudu si ni mdudu? Rangi ya nini tena?" Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye chakula. Bruchi hutaka mmea ulionenepa, uliokunywa nitrojeni ya kutosha. Hapo huzaa kwa kasi na mabuu yake hukua upesi. Eichhorniae huvumilia hata mmea wenye njaa. Kwa hiyo maji ya karibu na mji, yanayopokea uchafu wa mto Kisat na tope la mto Nyando, ni karamu ya bruchi. Ukikuta eichhorniae peke yake mahali kama hapo, jiulize bruchi amekwenda wapi.

Baada ya chakula huja hali ya hewa: katika nchi zenye majira ya baridi, swali la kwanza ni nani atakayevuka kipupwe. Kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini, mathalani bwawa la Hartbeespoort, sakitu huunguza majani ya gugumaji, lakini kitovu kilichofichwa na maji hubaki hai. Mayai na mabuu yaliyokuwa ndani ya vikonyo hufa pamoja na majani. Joto likirudi, gugumaji huchipua upesi, huku fukusi wachache waliosalia wakianza kuhesabu vizazi upya. Ndiyo maana wenzetu wa huko wakaleta mdudu mwingine, Megamelus scutellaris, mwaka 2013. Sisi hatuna kisingizio hicho. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa joto, na fukusi huzaana mwaka mzima.

Basi fanya hesabu. Kutoka yai hadi mdudu kamili ni miezi mitatu na kitu. Kuanzia mapema 1997 hadi mwisho wa 1998 ni vizazi sita hivi, kila kimoja kikizidisha kilichotangulia. Mwishoni mwa 1998 gugumaji lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, meli zimekwama na wavuvi wamekaa nyumbani. Kisha mwaka 1999 likaporomoka.

Wanasayansi waligombana juu ya sababu. Williams na wenzake, mwaka 2005, walisema mawingu mazito ya El Niño ya 1997 na 1998 yalinyima mmea mwanga. Wilson na wenzake, mwaka 2007, walijibu kwamba ni kazi ya fukusi. Mimi niko upande wa fukusi, na sababu yangu ni kalenda. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kufikia katikati ya 1998, nalo gugumaji lilifikia kilele baada ya hapo. Mmea unaokufa kwa kukosa mwanga haungojei jua lirudi, utawale ghuba nzima, ndipo ufe. Naamini mawimbi yalisaidia, kwa sababu zulia lililokwisha kutobolewa hupasuka kirahisi na kuzama. Lakini aliyelitoboa ni buu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu gugumaji lilirudi, kwa nguvu sana mwaka 2006 na 2007, na linaendelea kurudi. Mbegu zake hulala kwenye matope miaka mingi zikisubiri. Na kila linaporudi, mashine huitwa kabla ya mtu yeyote kupasua kikonyo. Ningependa sana tuanze na mimea kumi kutoka kila ufuko, Dunga, Usoma, Kendu Bay: hesabu makovu ya mraba ambayo fukusi huacha juu ya jani, hesabu mabuu, andika ni fukusi yupi. Makovu yakiwa tele na vikonyo vimeoza, liache zulia majini lizame lenyewe, fungua njia ya mashua tu. Makovu yakikosekana, leta fukusi, na ulete yule anayefaa maji hayo.

Maana kuna jambo moja la maisha ya mdudu huyu ambalo winchi na koleo haziliheshimu. Buu akishiba hushuka hadi kwenye mizizi, chini ya maji, hukata nywele za mizizi na kujisokotea kifuko cha duara, kidogo kama punje ya mtama, kilichoshikamana na mzizi ulio hai. Humo ndimo anamogeuka kuwa fukusi. Mmea ukivutwa ufukweni asubuhi na kurundikwa juani, kufikia jioni mizizi imeanza kukauka, na vifuko vyote vimo ndani ya rundo.