Mwanamke Mfuga Kuku: Mgongano wa Fani na Maudhui katika Michongo ya Mlima Baoding

Sehemu hii inahakiki michongo miwili ya mwambani iliyopo Dafowan, katika Mlima Baoding, eneo la Dazu, Chongqing, nchini China. Michongo hiyo ni sehemu ya kazi iliyoongozwa na mtawa Zhao Zhifeng kati ya miaka ya 1174 na 1252, wakati wa nasaba ya Song Kusini. Ukuta wa jabali, wenye umbo linalokaribia herufi U, umechongwa matukio yanayofuatana, na mengi yameambatanishwa na maandishi ya kuyafafanua. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kuichukulia kazi nzima kuwa mahubiri, ambamo sanamu hurudia tu yale yaliyoandikwa. Uhakiki huu unapinga usomaji huo.

Mchongo wa kwanza ni wa jehanamu. Katikati ameketi bodhisatva Dizang, akiwa na wafalme waamuzi wa wafu. Chini yao wenye dhambi wanatokoswa na kukatwakatwa. Humo humo yupo mwanamke anayeinua tenga la kuku. Kuku wawili wametoka na wanagombea nyungunyungu, naye ametabasamu. Maandishi yanamhukumu: afugaye kuku ataingia jehanamu. Hata hivyo, uso wake hauna hofu wala ukatili. Ni uso wa mtu aliye uani kwake asubuhi, akiendelea na kazi yake ya kila siku.

Inaweza kutetewa kwamba utulivu huo ni mbinu ya kufundishia: mtazamaji wa kijijini ajione mwenyewe, kisha ashtuke. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi, kwa kuwa ukuta huo huo una mchongo mwingine unaoitatiza.

Mchongo huo wa pili unahusu fadhila kumi za wazazi. Fadhila mojawapo ni ile ya mzazi kutenda dhambi kwa ajili ya mwanawe, na inaonyeshwa kwa nguruwe anayechinjwa kwa karamu ya harusi. Ikumbukwe kwamba Ubudha nchini China ulilaumiwa kwa kuwatenga watawa na familia zao. Kuwatukuza wazazi kulikuwa jibu kwa lawama hiyo. Hivyo ukuta unabeba madai mawili yasiyopatana kwa urahisi: usiue kiumbe, na mshukuru mzazi aliyeua kwa ajili yako. Mzazi anabaki mwenye dhambi, lakini dhambi yake inahesabiwa kuwa deni la mtoto. Mfuga kuku hapewi nafasi hiyo. Maandishi hayaulizi anamlisha nani.

Swali hilo linaulizwa na sanamu yenyewe. Kwa kumpa mwanamke huyo upole ule ule ambao kwingineko ukutani amepewa mama anayelea, fani inamrudishia utu ambao hukumu ilimnyima. Hoja hii haidai kwamba mchongaji aliasi mafundisho. Inadai kwamba umakini wake katika kuyatazama maisha ya wakulima ulifika mahali ambapo maandishi hayakufika.

Kwa hiyo, mhakiki anayeanza na maandishi na kuishia hapo ataipata imani ya Baoding, lakini atakosa huruma yake. Sanamu zisomwe kwanza kama sanamu, kisha zilinganishwe na maandishi yaliyo kando yake. Na pale viwili hivyo vinapotofautiana, tofauti hiyo ichukuliwe kuwa sehemu ya maudhui.