Bujumbura hadi Brussels: kilomita za karatasi na kilomita za angani

Gatete, kwenye michikichi ya Rumonge, Burundi, mama mmoja aliniuliza Ubelgiji iko mbali kiasi gani, maana mwanawe alikuwa anajiandaa kuondoka. Jibu fupi ni kilomita 6,476. Lakini mzazi anastahili kujua namba hiyo imepatikanaje.

Kiwanja cha ndege cha Melchior Ndadaye, Bujumbura, kiko digrii 3.32 kusini ya ikweta na 29.32 mashariki. Cha Brussels kiko 50.90 kaskazini na 4.48 mashariki. Ukipima kwa rula kwenye ramani ya ukutani utakosea, kwa kuwa ramani imelaza bapa kitu cha mviringo. Kinachopimwa ni pembe: chukua kwamba umesimama kwenye kitovu cha dunia, mkono mmoja umeelekeza Bujumbura na mwingine Brussels. Hesabu ya tufe inaipa pembe hiyo digrii 58.24, na kila digrii juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2. Zidisha.

Ndege kubwa ya jeti ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, yaani 15 kwa dakika. Hiyo inatoa saa 7 na dakika 12. Ongeza nusu saa hivi ya kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani.

Sasa fuata mstari wenyewe. Unatoka Burundi, unapita Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini, unakatiza Darfur na Chad, unaivuka Libya na kutokea baharini karibu na Sirte, kisha Sicily. Hapo ndipo hesabu safi inapokwama. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na mashirika mengi ya Ulaya yanaikwepa Libya tangu 2014. Ukipindisha njia ipitie juu ya N'Djamena, halafu Niger na Algeria, unafika karibu kilomita 6,750. Nyongeza ni dakika 18 tu, ila ni mafuta ya ziada, na mafuta hayo nayo yana uzito wa kubebwa. Kila ninapouchora ule mstari ulionyooka nawafikiria watu wa Zalingei, huko Darfur, ambao unapita karibu nao.

Anayepitia Addis Ababa anaruka kilomita 1,725 kwanza, halafu 5,620. Jumla 7,345: karibu saa nzima zaidi ya njia iliyonyooka, kabla hujahesabu kusubiri ndege ya pili.

Lakini safari ya kijana huyu haianzii kiwanjani. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 75, ambazo jeti ingezimaliza kwa dakika 5. Kwa gari ni habari nyingine: Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024 maji yaliingia hadi makazi na barabara za pwani, na uhaba wa mafuta umewalaza madereva kwenye foleni. Nilimshauri mama: ndege ikiwa ya usiku, mtoto aondoke Gatete alfajiri.

Aliuliza pia atampigia saa ngapi. Majira ya joto ya Ulaya, saa ya Brussels na ya Gatete zinasoma sawa. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, mtoto atakuwa nyuma kwa saa moja.