Tundu la Sufuria

Sufuria haianzi kuvuja katikati. Huanza pembeni, pale ubavu unapopinda kuwa kitako, kwa kuwa hapo ndipo mwiko unapokwaruza kila siku wakati wa kusonga bukari, na hapo ndipo mkono unapokandamiza mchanga na majivu wakati wa kusugua. Aluminiamu huliwa taratibu, miaka na miaka, hadi asubuhi moja maji yanadondokea makaa ya mbabula na jiko linafoka. Mpishi hukunja uso. Fundi anaweza kupigilia kiraka, na kiraka cha pili, lakini hufika siku ambapo bati limechoka kiasi kwamba kila msumari wa kiraka huzaa ufa mpya. Sufuria ya namna hiyo, mjini Kalemie, mashariki ya Kongo, ina safari nyingine mbele yake. Inatoka jikoni na kuhamia kwenye barza, inajazwa udongo, na kabla mvua hazijaisha imeshabeba kroton yenye majani ya manjano na mekundu.

Watu wengi hudhani kazi hiyo ni ya kujaza udongo na kuchomeka kijiti. Mimi huiheshimu kwa sababu nimewatazama wanaoijua, na nimeona kwamba ujuzi wao wote umelala kwenye jambo dogo sana: tundu. Liwe wapi, liwe kubwa kiasi gani, litobolewe kutoka upande upi.

Mama mmoja ambaye nimekaa barzani kwake mara nyingi hufanya hivi. Huchukua mfuko wa mchanga, anaupiga kofi ili ubonyee katikati, anaikalisha sufuria juu yake wima, mdomo juu. Anaingiza mkono na msumari mnene ndani ya sufuria na kupiga nyundo mara moja, pigo fupi. Msumari unapita na kuzama mchangani. Kisha anaipindua na kukupitishia kidole chako mwenyewe kwenye kitako ili usikie: bati lililopasuka limefumuka kuelekea nje, lina ncha. Ndani ni laini, na tena pamebonyea kidogo. Hapo maji yote yatashuka kuelekea tunduni. Ukitoboa kutoka nje, kama wafanyavyo wenye haraka, zile ncha huinukia ndani na kuzunguka tundu kama ukuta mdogo, na nyuma ya ukuta huo maji hubaki wiki nzima yakiozesha mizizi. “Maji hayapandi, papa,” aliniambia, nami sikuwa na la kuongeza.

Tundu ambalo sufuria ilikuja nalo kutoka jikoni halidharauliwi. Lile la pembeni, lililotobolewa na mwiko, yeye huliacha kama lilivyo, kisha huongeza mengine mawili au matatu katikati. Na juu ya kila tundu anaweka kigae kimoja cha chungu kilichovunjika, kimelala kifudifudi, ili maji yapite na udongo ubaki. Hamwagi kokoto chini. Wengi humwaga, nimewaona hata watu waliosoma kilimo wakimwaga, wakiamini kwamba mawe yatayavuta maji. Hayayavuti. Maji yanaposhuka katika udongo laini na kukuta mawe yenye nafasi kubwa kati yake, husita hapo kwenye mpaka, yakishikiliwa na udongo wenyewe hadi ujae kabisa, na lile tope hukaa juu zaidi, karibu na mizizi. Kokoto zimekula nafasi ya udongo bure. Mama yule hajawahi kuisoma fizikia hiyo popote. Aliwahi kung’oa mimea iliyokufa na kutazama ilioza kuanzia wapi.

Vyombo vya bati la enameli vinadai mkono mwingine kabisa. Ni yale mabeseni meupe yenye ukingo wa bluu na yale masahani yenye maua ambayo zamani yalikuwa zawadi ya harusi kote pwani na bara. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, na kioo hakipendi pigo. Ukigonga ovyo, kinaruka vipande hadi mbavuni. Kwa hiyo anatafuta kovu la zamani kitakoni, mahali ambapo enameli ilikwishabanduka na chuma kimeshika kutu, na hapo tu ndipo anapoweka msumari, akigonga polepole, mara kumi badala ya moja. Kutu imemfanyia nusu ya kazi. Chungu cha udongo hakigongwi kamwe: kinalowekwa usiku kucha, kisha msumari unazungushwa kwa vidole, vumbi jekundu likitoka kidogo kidogo, na mwenye pupa hubaki na vigae tu.

Ajabu iliyoje kwamba ufundi huu umekomaa hapa, maana mji wenyewe umekaa kwenye tundu. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, hupokea Ruzizi kutoka kaskazini na Malagarasi kutoka mashariki na mito mingine midogo isiyo na idadi, lakini mto unaotoka ni mmoja, Lukuga, nao unaanzia hapa Kalemie na kwenda kumwagika Lualaba. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke. Lukuga ndiyo tundu la kitako. Cameron, mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1874 alikuta mdomo wake umesongwa na magugu. Stanley alipopita mwaka 1876, maji yalikuwa karibu yamesimama, na ziwa lilikuwa likipanda. Kisha kizuizi kikavunjika, na mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa misheni ya London, aliona maji yakienda kwa nguvu. Ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata, hata ufuo wa Ujiji ng’ambo ukasogea mbali. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda na kuingia majumbani Kalemie, likafunika sehemu za barabara ya Lumumba, na watu wakarudi kuzungumzia mvua kubwa na mchanga uliojaa Lukuga. Mtu aliyewahi kuua mmea kwa kuziba tundu la sufuria anayaelewa mazungumzo hayo upesi.

Mafuriko hayo yalionyesha pia faida ambayo bustani ya ardhini haina. Sufuria ina masikio mawili. Maji yalipokuwa yakija, watu walibeba godoro, mbabula, watoto, na waliokuwa na mkono wa ziada walibeba mmea. Waridi lililooteshwa kwenye udongo wa parseli lilibaki na kuzama. Katika jimbo ambalo maelfu ya familia zimewahi kuhama kwa sababu ya vita na si kwa maji tu, uwezo wa kunyanyua bustani kwa masikio yake ni jambo la kutiliwa maanani, na sidhani ni bahati kwamba barza za Kalemie zina vyombo vingi vyenye vishikio kuliko vile visivyo navyo.

Kuhamisha chombo kutoka mezani na kukipa heshima mahali pengine si jambo la jana kwa watu wa lugha hii. Pwani, wajenzi walikuwa wakikandika bakuli za kauri kutoka China na Uajemi kwenye chokaa mbichi, kisigino cha bakuli kikizama ukutani na uso wake ukitazama nje. Ziliwekwa kwenye makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi. Zilikuwepo kwenye dari za msikiti mdogo wa kuba Kilwa Kisiwani. Mahali pengi bakuli zimeng’olewa na wapita njia, na kilichobaki ni mashimo ya duara, safi kabisa, ambayo yanaonyesha jinsi fundi alivyokuwa amekishika kila chombo kwa kipimo chake. Lamu walichonga zidaka, safu juu ya safu, ili bakuli na sahani zikae ndani na kupokea mwanga wa uani. Lugha hiyohiyo ilivuka ziwa pamoja na misafara, kutoka Ujiji hadi Mtowa, kaskazini ya mdomo wa Lukuga. Siwezi kusema kwamba mapambo yalisafiri nayo. Lakini nikiona barzani Kalemie ukingo wa saruji uliopachikwa vipande vya sahani, buluu kwa nyeupe, vikiwa vimelingana kwa upole mkubwa, huwa nasimama.

Na Afrika Mashariki imewapa walimwengu mmea wa ndani unaojulikana kuliko karibu wote. Mwaka 1892, wakati Albertville, jina la kikoloni la Kalemie, ilikuwa kituo kichanga cha kijeshi tu, ofisa Mjerumani wa Tanga aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya zambarau kutoka nchi ya Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia. Leo uko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, watu wakidhani ni wa kwao. Asili yake ni nyufa za miamba yenye kivuli, penye udongo wa unene wa vidole vichache, na ndiyo maana unastawi kwenye chombo kifupi: bakuli la supu, kikombe kikubwa kilichokatika mkono. Chombo kirefu huuchosha. Kuna somo hapo la kuchagua chombo kwa mzizi na si kwa uzuri wa rangi. Mshubiri nao haupendi kina. Pilipili inataka ndoo nzima.

Udongo wenyewe ni hadithi fupi: sehemu ya udongo wa bustani, sehemu ya mchanga, na mbolea iliyooza vizuri. Cha hapa hasa ni vumbi la ndakala (dagaa wakavu), yale magamba na vichwa vinavyobaki chini ya gunia sokoni. Huzikwa ndani, kina cha kiganja, kwa sababu likiachwa juu paka wa mtaa mzima watachimba usiku. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, aluminiamu ni adui. Inashika joto la jua na kupika mizizi ya upande wa magharibi. Dawa ni kuweka sufuria ndogo ndani ya kubwa na kujaza mchanga katikati, kisha kuumwagilia huo mchanga pia. Masizi hayasuguliwi. Kuna wanaopaka rangi ya mafuta, nyekundu na kijani, na sigombani nao, ila kwa jicho langu hakuna rangi ya dukani inayolipandisha jani la kroton kama weusi wa miaka ishirini ya moshi.

Lipo jambo moja ambalo ningependa lisemwe wazi zaidi sokoni. Sufuria nyingi za hapa kwetu Afrika huyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu, injini, redieta, na chochote kilichopatikana. Watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer walizipima za Kamerun, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, na baadaye za nchi nyingine, wakakuta baadhi zinatoa risasi kwenye chakula. Chombo cha aina hiyo kuondoka jikoni na kwenda kwenye maua ni nafuu kwa watoto wa nyumba. Lakini basi yawe maua. Lengalenga na kitunguu cha majani vipewe ndoo au kikapu.

Vingine havina masharti. Chungio lililopinda tayari lina matundu yake yote, linataka tu waya tatu na msumari wa kenchi. Birika la chai hutoa maji ya ziada kwa mdomo wake, mradi tundu la chini liwepo. Mfuniko wa sufuria iliyokufa hukaa chini ya sufuria iliyo hai na kukinga saruji isipate madoa. Sinia lililobonyea, likisuguliwa na kutundikwa mkabala na mlango, hutupa mwanga wa ziwa hadi ukuta wa ndani. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni chupa ya chai iliyovunjika kioo. Ganda lake limechorwa mawaridi mekundu, ambayo mchoraji wa kiwandani aliyarudia mara elfu bila kuwaza kwamba siku moja yatasimama karibu na waridi la kweli lenye mchwa kwenye shina. Vipande vya kioo hutolewa kwa gazeti na kuzikwa mbali. Kisha maji, vidole vinne, na maua ya Jumapili.

Vyombo hivi hutoka kila mahali. Vingine ni mitumba, vingine ni vya familia zinazohama zinazopanga vitu vyao kando ya njia, vingi ni vya majirani. Jirani mmoja alikuja na sufuria yake akiwa ameshaikatia tamaa, akiomba apewe kijiti cha bugenvilia cha kuanzia. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua kuelekea anga, akaingiza uso wake ndani, akaizungusha polepole akitafuta nuru. Akaipata, chembe moja pembeni. Akaigongagonga kwa ukucha kuzunguka chembe hiyo, akisikiliza bati lilivyo nene. Halafu akamrudishia.

“Hii ingali ya jikoni, mama. Peleka kwa fundi aizibe. Kijiti nitakupa kwenye kopo.”